Mama aliyezaa kwa kupasuliwa, pamoja na mtoto wake: ngozi kwa ngozi tangu bloku (chumba cha upasuaji), na maziwa ya siku za kwanza

Mkunga wa Kadutu (Bukavu)

Mama na papa wa jukwaa hili, nawasalimu. Wiki iliyopita, nilipokuwa nikipita vitanda vya maternite (wodi ya wazazi) asubuhi, nilimkuta mama aliyekuwa katika siku ya pili baada ya kupasuliwa, amelala chali, uso ameugeuzia ukuta, huku mdogo wake akimnywesha mtoto maji ya sukari kwa kijiko. Nilipomuuliza kama mtoto ameshanyonya, alinijibu kama mtu anayenikumbusha jambo ambalo kila mtu analijua: "Mimi nilipasuliwa, mama. Aliyepasuliwa hana maziwa." Niliketi kando yake, nikamwomba ruhusa, nikaweka kidole gumba juu ya titi na vidole viwili chini yake, nyuma kidogo ya weusi unaozunguka chuchu, nikasukuma kuelekea kifuani kisha nikabana polepole. Mara ya nne au ya tano likatokea tone moja la manjano, zito kama asali. Akaliangalia, akamwita mdogo wake aje aliangalie naye, halafu akaomba apewe mtoto.

Nimefungua uzi huu kwa sababu ya mama huyo na wengine wengi waliomtangulia. Jambo ninalolishikilia ni moja: kisu kinapita tumboni, hakipiti kwenye titi. Kinachowachelewesha wengi ni zile saa ambazo mama na mtoto wanawekwa mbalimbali bila sababu yoyote ya kitabibu, na saa hizo zinaweza kupunguzwa sana, hata kuondolewa, iwapo mtu atazizungumzia na waganga kabla ya siku ya upasuaji.

Nasema haya nikiwa mkunga, na nikiwa mama aliyezaa mara mbili kwa kupasuliwa. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa nimefanya kazi hii kwa miaka sita, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikipokea watoto mlangoni mwa bloku, nikiwafuta, nikiwapima, nikiwavisha na kuwapeleka kwenye chumba cha watoto, huku nikiamini kwamba hivyo ndivyo mama anavyosaidiwa apumzike. Sikuwahi kujiuliza mama yule aliyebaki mezani alikuwa akisikia nini. Siku yangu ilipofika nilionyeshwa mtoto kwa kitambo cha kupepesa jicho, kisha akapelekwa, nami nikabaki nikimsikia akilia upande wa pili wa ukuta hadi sauti ikakatika. Nilimpata baada ya saa tano. Alikuwa amefungwa vizuri, amenyweshwa maji ya sukari, amelala usingizi mzito, na kila nilipomgusisha chuchu midomoni alikuwa akigeuza uso. Maziwa yangu yalijaa siku ya tano, matiti yakawa magumu kama mawe, chuchu zikachubuka, na kwa wiki sita nilinyonyesha nikikaza meno huku nikimwongezea maziwa ya kopo. Hospitali hiyo siitaji, kwa kuwa wakati ule karibu sote tulifanya vivyo hivyo, mimi nikiwamo.

Mara ya pili, mwaka 2018, nilikwenda mahali pengine, na wiki mbili kabla ya upasuaji niliomba kuonana na daktari, mtaalamu wa ganzi na mkunga wa zamu. Niliwaambia nataka mtoto awekwe kifuani pangu mara tu atakapokuwa amekaushwa na kuonekana anapumua vizuri. Mtaalamu wa ganzi alifikiri kidogo, kisha akasema atabandika vile vibandiko vya kufuatilia moyo mabegani na ubavuni badala ya kifuani, na serumu (dripu) ataitia mkono wa kushoto ili mkono wangu wa kulia ubaki huru. Ilihitaji hayo tu. Nilipewa ganzi ya uti wa mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho. Mtoto alipotoka alilia, akakaushwa mgongo na kichwa, akavishwa kofia, akalazwa kwa upande, mkingamo juu ya matiti yangu, tumbo lake kwenye ngozi yangu, na juu yetu wakatandika kitambaa kikavu na kitenge changu mwenyewe, huku madaktari wakiendelea kushona nyuma ya pazia.

Alinyamaza karibu papo hapo. Kwa dakika kadhaa alitulia kabisa, mpaka nikaogopa, na mkunga aliyesimama kichwani kwangu akanionyesha jinsi mgongo wake ulivyokuwa ukipanda na kushuka. Halafu alifungua macho. Alianza kusogeza midomo, akapeleka kiganja mdomoni, akakilamba, akakirudisha kwenye titi, akalipapasa, akapumzika tena. Nilitamani kumsukuma, na mkunga akanizuia kwa upole, akaniambia nimwache afuate njia yake. Alijivuta kwa miguu, akainua kichwa na kukiangusha, akalamba chuchu mara nyingi bila kuishika. Walipokuwa wakinihamishia kwenye kitanda cha magurudumu alikuwa bado yuko kifuani. Aliishika chuchu mwenyewe dakika ya 55 tangu kuzaliwa, mdomo wazi, kidevu kimezama kwenye titi, na sikuhisi maumivu yoyote.

Watafiti wa Uswidi wameichunguza kwa miaka mingi safari hiyo ya mtoto kifuani, nao wanaeleza hatua 9: kilio cha kuzaliwa, kutulia, kuamka, kuanza kujisogeza, kupumzika, kutambaa, kulizoea titi, kunyonya na kulala. Mtoto anayechukuliwa akapimwe katikati ya safari hiyo huvurugwa, na huenda akahitaji kuianza upya. Uzito haukimbii baada ya saa 2, kwa hiyo mzani unaweza kungoja.

Kuna na mengine zaidi ya kunyonya. Mtoto hutoka tumboni akiwa ameloa na kuingia katika chumba chenye baridi, na sisi wa Bukavu tunaoishi takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari tunajua baridi ya alfajiri ilivyo. Kifua cha mama humpasha moto kwa namna ambayo blanketi haiwezi, kwa sababu blanketi hutunza joto lililopo tu, ilhali mwili wa mama una joto lake la kumpa. Mapigo ya moyo wa mtoto na pumzi zake hutulia, na sukari ya damu hushikilia vizuri zaidi. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 46 zenye akina mama 3,850 na watoto wao, yalionyesha kwamba waliowekwa ngozi kwa ngozi mapema walielekea zaidi kuwa bado wananyonyesha kati ya mwezi wa kwanza na wa nne. Baadhi ya tafiti hizo zilihusu akina mama waliopasuliwa.

Naomba mlete maswali na yaliyowapata.

Mjamzito wa Himbi (Goma)

Yaya mkunga, nakushukuru kutoka moyoni. Mimi nina mimba ya pili, nimepangiwa kupasuliwa wiki ya 39 kwa sababu ya kovu la kwanza na kwa kuwa mtoto amekaa vibaya. Nina hofu ambayo sijapata wa kumweleza. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu na ambaye ananipenda, anasema kwamba maziwa huitwa na uchungu wa kuzaa, na kwamba mwanamke aliyepasuliwa kabla uchungu haujaanza mwili wake haujui kama amezaa. Ameshanunua kopo la maziwa na biberoni (chupa ya kumnyweshea mtoto), vimewekwa kabatini vinangoja. Je, kuna ukweli katika maneno hayo, au niyaache? Na ikiwa maziwa yatachelewa, mtoto atakula nini siku hizo za katikati?

Mkunga wa Kadutu (Bukavu)

Dada, mama mkwe wako ameona jambo la kweli, kwamba kwa waliopasuliwa maziwa mengi huchelewa zaidi kujaa, lakini sababu anayoitaja siyo.

Kinachouambia mwili kwamba umezaa ni kutoka kwa kondo la nyuma. Wakati wa mimba, kondo hutoa homoni ya projesteroni kwa wingi, na homoni hiyo huzuia matiti yasitoe maziwa mengi hata kama yamekuwa tayari tangu katikati ya mimba. Kondo likishatolewa, projesteroni hushuka kwa kasi, na homoni nyingine iitwayo prolaktini hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Mwili hauulizi kondo limepitia njia gani. Kwa kawaida maziwa mengi hujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa aliyepasuliwa yanaweza kusogea mbele kwa siku moja hivi, kwa sababu ya maumivu, uchovu, mfadhaiko na damu iliyopotea, na zaidi kwa sababu mtoto hakuwekwa kwenye titi mapema na mara nyingi. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo iliyo mikononi mwetu.

Sasa, siku hizo za katikati hazina pengo. Yapo maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano ambayo vitabu huyaita dang'a, nayo yalikuwa titini hata kabla hujaingia bloku. Ni machache kwa sababu mtoto naye anahitaji machache: siku ya kwanza hunywa mililita chache tu kila anaponyonya, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Tumbo lake halijawa tayari kupokea biberoni iliyojaa, na akijazwa maji ya sukari hulala akiwa ameshiba kitu kisicho na protini wala kinga, titi nalo halipati ujumbe wowote kwamba linahitajika. Ndipo maziwa huchelewa kweli, na familia husema: "Tulijua."

Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, mchana na usiku, kila anapoanza kulamba midomo au kugeuza kichwa akitafuta, bila kungoja alie. Akiwa na usingizi mzito, kama wanavyokuwa watoto wengi siku ya kwanza, mvue nguo, mweke ngozi kwa ngozi, na ukamue matone kwenye kijiko safi umdondoshee ndani ya shavu. Siku ya kwanza tegemea alowe mkojo mara 1, siku ya pili mara 2, siku ya tatu mara 3, na kuanzia siku ya tano au ya sita mara 6 au zaidi, huku choo chake kikiacha weusi na kuwa cha manjano. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia kama anapata. Ukubwa wa titi au kilio cha jioni haviwezi kukuambia.

Usishtuke pia wakikuambia amepungua uzito. Karibu watoto wote hupungua siku za mwanzo, na yule ambaye mama yake alitiwa serumu nyingi huzaliwa na maji ya ziada ambayo huyakojoa siku ya kwanza. Akipungua zaidi ya asilimia 10, hapo ni lazima mkunga aketi akuangalie unavyonyonyesha na daktari amkague mtoto. Kuhusu kopo lililo kabatini, mwombe mama mkwe alibakishe huko bila kulifungua. Mwombe yeye awe ndiye atakayekuletea mtoto usiku wakati hutaweza kuinuka. Kazi hiyo ni kubwa, na itamfanya awe upande wako.

Baba wa Watatu (Lubumbashi, Katuba)

Samahani kuingia kati ya akina mama. Nimesoma neno kwa neno na nimeona nina la kuongeza kuhusu hali ambayo yaya mkunga hajaigusa, ya mama anayelazwa usingizi kabisa.

Mke wangu alipandwa na presha kali akiwa katika wiki ya 38, akaanza kutetemeka, na hakukuwa na muda wa ganzi ya mgongo. Walimpa nusukaputi. Mimi nilikuwa kwenye korido, na baada ya nusu saa hivi alitoka muuguzi mmoja mzee akiwa na mtoto mikononi, akaniambia: "Papa, vua shati." Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki, akamlaza mtoto uchi, mwenye kitambaa tu kiunoni na kofia kichwani, juu ya kifua changu, akanifunika kwa blanketi na kunifunga kitenge kiunoni na mgongoni ili asiteleze. Ilikuwa Juni, na mnajua baridi ya Lubumbashi mwezi huo. Mtoto alikuwa akilia kwa sauti ya kukwaruza. Alilia kwa dakika chache, akanyamaza, akaweka sikio kifuani pangu, na alibaki hivyo karibu saa mbili. Nilikuwa nimeogopa sana juu ya mama yake, na nakiri mbele yenu kwamba katika saa hizo mbili yule mtoto ndiye aliyenishikilia mimi.

Mama yangu mzazi alipofika na kuniona hivyo alisikitika, akauliza kama hakuna mwanamke katika ukoo wetu. Muuguzi alimjibu kwa heshima kwamba damu ya mtoto huyu iko hapa pia. Mke wangu alipozinduka, kabla hajaweza kugeuza mwili, walimsogezea mtoto ubavuni, na alinyonya.

Mkunga wa Kadutu (Bukavu)

Papa, asante sana. Akina baba wengi hubaki kwenye korido na mikono mitupu kwa kuwa hakuna aliyewaambia wafanye nini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 nchini Uswidi uliwalinganisha watoto waliozaliwa kwa upasuaji, wengine wakiwekwa ngozi kwa ngozi na baba na wengine wakilazwa kitandani kando yake, na wale wa kifuani walilia kidogo zaidi na kutulia mapema zaidi. Mama akizinduka na kuweza kumshika mtoto, zamu inakuwa yake, hata kama ni baada ya saa tatu au nne. Mlango haujafungwa kwa sababu saa ya kwanza imepita.

Muuguzi wa Bloku (Bukavu)

Mkunga mwenzangu, nakuheshimu, na karibu yote uliyoandika nayakubali. Lakini niruhusu nizungumze kwa niaba yetu tunaosimama ndani ya bloku, kwa sababu nisingependa msomaji afikiri kwamba tunawachukua watoto kwa ukatili au kwa uvivu.

Kwanza, mara nyingi tunakuwa watu wachache. Kukiwa na muuguzi mmoja wa kuhesabu vitambaa, kupokea mtoto na kumwangalia mama anayetapika, yule mtoto kifuani anakuwa hana macho ya kumwangalia, na mama aliyepewa ganzi hana nguvu ya kumzuia asiteleze. Pili, mama wengi hutetemeka baada ya ganzi ya mgongo, na wengine hushuka presha mpaka hawajui waliko. Tatu, na hili ndilo linaloniumiza, nimewahi kumwona mtoto aliyezaliwa vizuri akibadilika rangi akiwa kifuani kwa sababu uso wake ulikuwa umezama kwenye titi na kila mtu alikuwa akiangalia kwingine. Aliokolewa. Tangu siku hiyo, kila ninapoombwa ngozi kwa ngozi, swali langu la kwanza ni nani atakayesimama pale.

Mkunga wa Kadutu (Bukavu)

Ndugu yangu, umesema jambo ambalo nilipaswa kuliandika tangu mwanzo, na naomba wote walisome mara mbili. Mtoto aliye kifuani katika saa 2 za kwanza lazima awe na mtu mzima aliye macho anayemwangalia, na mtu huyo si mama peke yake, kwa kuwa mama amechoka na ana dawa mwilini. Anachotakiwa kuangalia hakihitaji mashine: uso unaonekana wote, kichwa kimegeuzwa upande mmoja, pua na mdomo viko wazi, shingo imenyooka bila kukunjwa, midomo na ulimi vina rangi nzuri, na mgongo unapanda na kushuka. Mama akianza kusinzia, mtoto ahamishiwe kwa baba au kwa mlinzi wa mgonjwa, au alazwe chali kando yake.

Yako pia mazingira ambayo mtoto ni lazima aondoke. Asiyepumua, aliyelegea, anayehema kwa shida, huyo anakwenda mezani kwa waganga mara moja, na hakuna mkunga mwenye akili atakayemng'ang'ania kwa jina la ngozi kwa ngozi. Vilevile mama anayevuja damu nyingi au aliyepoteza fahamu anatibiwa kwanza.

Lakini tusiwahukumu wote kwa hali ya wachache. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika zile hatua 10 za kufanikisha unyonyeshaji zilizotolewa mwaka 1989 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018, wameweka hatua ya nne juu ya jambo hili, na mwongozo wao umelitaja suala la upasuaji waziwazi: mama aliyepewa ganzi ya mgongo anaweza kuanza papo hapo, na aliyelazwa usingizi anaanza atakapokuwa ameamka kiasi cha kuweza kumshika mtoto. Kuhusu uchache wa watu, naelewa, nimefanya kazi hiyo usiku nikiwa peke yangu. Pale ambapo hospitali inakubali, mlinzi mmoja wa mgonjwa, awe dada au mume, anaweza kuvishwa nguo za bloku na kupewa kazi hiyo moja tu ya kutazama. Pale inaposhindikana ndani, basi iwe kwenye chumba cha kuzindukia, dakika 30 baadaye. Mimi ningeichukua nusu saa hiyo kwa furaha badala ya saa tano.

Bibi wa Bagira (Bukavu)

Wanangu, mimi ni mtu mzima na macho yangu yanasoma kwa shida, mjukuu ndiye anayeniandikia. Binti yangu alipasuliwa mwezi wa 7 wa mimba, mtoto akatoka na kilo moja na gramu mia saba. Aliwekwa kwenye kuvezi, ile mashine ya kupasha joto watoto njiti. Usiku wa pili umeme ulikatika, na jenereta ikachelewa kuwaka. Yule muuguzi wa usiku hakungoja. Alimtoa mtoto, akaja naye kitandani, akamfunga kifuani kwa mama yake kama tunavyofunga mgongoni, ila kwa mbele na bila nguo, kati ya matiti. Umeme uliporudi mtoto alikuwa na joto zuri, na daktari akasema abaki hapo hapo. Tulipokezana mimi na binti yangu kwa wiki tano. Leo anasoma darasa la tatu. Nataka kujua kama kitu hicho alikibuni yule muuguzi au kinafundishwa.

Mkunga wa Kadutu (Bukavu)

Shikamoo bibi. Kinafundishwa, na kilizaliwa katika hali kama hiyo hiyo ya upungufu. Mwaka 1978, katika hospitali moja ya uzazi ya jiji la Bogotá nchini Colombia, watoto njiti walikuwa wengi kuliko kuvezi, wakilazwa wawili au watatu pamoja na kuambukizana magonjwa. Daktari Edgar Rey Sanabria akaamua kuwafunga vifuani mwa mama zao. Wakaiita njia ya kangaruu, kwa jina la yule mnyama anayembeba mtoto wake mfukoni.

Zamani tuliambiwa tungoje mtoto atengemae kwanza ndipo afungwe. Hilo limebadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa zaidi ya watoto 3,200 wenye uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, ulionyesha kwamba kuanza kangaruu mara baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa robo nzima ukilinganisha na kungoja. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kangaruu ianze mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, kwa watoto njiti na wenye uzito mdogo. Mjukuu wako alikuwa ndani ya uzito huo huo, bibi, na yule muuguzi wa usiku alifanya kazi yake vizuri. Mwana huyo asipoweza kunyonya, mama hukamua, na mtoto hulishwa kwa kikombe kidogo au kwa mrija, huku akiwa bado yuko kifuani.

Mjamzito wa Himbi (Goma)

Yaya, nimemsomea mama mkwe uzi wote jana jioni. Alikaa kimya, kisha akauliza: "Na zile dawa za maumivu hazitaingia kwenye maziwa?" Nimeona ni swali zuri. Nami nina langu: nitamshikaje mtoto bila kugusa kidonda, na niweke nini kwenye mfuko? Naingia Alhamisi.

Mkunga wa Kadutu (Bukavu)

Mwambie mama mkwe kwamba nimemshukuru kwa swali hilo. Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo mno, na antibiotiki wanazopewa kwa kawaida waliopasuliwa hazimzuii mama kunyonyesha. Za kuuliza ni kodeini na tramadoli, ambazo mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri zisitumiwe na mama anayenyonyesha, kwa kuwa wapo wanawake ambao miili yao huzigeuza kwa kasi, na mtoto anaweza kulegea na kupumua kwa shida. Mwambie daktari mapema kwamba utanyonyesha, naye atachagua. Usivumilie maumivu kwa ajili ya mtoto, kwa sababu mwili ulio katika maumivu makali huzuia maziwa kushuka, nawe hutaweza kujigeuza kumhudumia. Mtoto anaponyonya utasikia tumbo la uzazi likikaza. Hiyo ni kazi njema, linajikusanya na kupunguza damu.

Siku ya kwanza, miguu ikiwa bado ina ganzi, lala ubavu huku mto umewekwa mgongoni na kitenge kilichokunjwa kikiwa mbele ya kidonda ili teke la mtoto liishie hapo, kisha mtu akusogezee mtoto, tumbo kwa tumbo. Siku ya pili au ya tatu ukiketi, mweke chini ya kwapa, miguu yake ikielekea nyuma yako, mwili wake ukiwa juu ya mto, kiganja chako kikishika shingo na mabega yake na wala si kisogo. Hivyo hatagusa mshono hata kidogo. Aogeshwe baada ya saa 24. Ukipata homa, damu nyingi au harufu mbaya, au mtoto akiwa wa baridi, amelegea, ameanza kuwa na umanjano ndani ya siku ya kwanza au haamki kunyonya, mwite mganga hapo hapo, hata kama ni saa nane za usiku.

Kesho, kabla ya Alhamisi, nenda umtafute mtaalamu wa ganzi, na umwambie ile habari ya vibandiko na mkono wa serumu. Mfukoni weka shati linalofunguka mbele, vitenge vitatu vilivyofuliwa na kupigwa pasi, kijiko kidogo cha chuma cha kuchemsha, blanketi jepesi, nguo za mume wako endapo atahitajika kukaa kifua wazi chini ya koti, na kofia mbili za mtoto, kwa sababu ile ya kwanza italowa mara tu atakapotoka.